Makopo Saba ya Multe

Brekka, tarehe 9 Februari

Mdogo wangu Halvard,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na Marit, na ninaomba barua hii ikukute umelala walau usiku mmoja mzima. Vipi sukari yako? Bado unajichoma kidole kila asubuhi, au umerudia ile tabia yako ya kusema leo unajisikia vizuri, huna haja? Nakujua wewe. Baba naye alijisikia vizuri mpaka siku waliyomkata dole gumba la mguu. Sisi huku ni wazima. Theluji imefika dirishani mwa zizi, kondoo wote wapo, na Ingvild ametimiza miaka kumi na sita, kwa hiyo sasa anajua kila kitu; ukimwambia mwanangu vaa kofia, anakuangalia kama umemtukana. Jirani yetu mzee Nils anatembea na fimbo mbili kwa ile nyonga waliyombadilishia Agosti, na bado anabishana na kila anayepita.

Marit alinipigia simu Jumapili. Usimkasirikie, tafadhali. Alisema umerudisha koti la kikosi cha uokoaji, kwamba unakaa jikoni na ramani umeitandaza mezani, na unauliza jambo lile lile: kwa nini ulianza kumtafuta Mama kusini, kwa nini hukuanza kaskazini. Akaniuliza, "Wifi, nimfanyeje huyu mtu?" Nikamwambia ampikie supu ya samaki. Unaona akili zangu? Mtu anazama, mimi naagiza supu. Nilipokata simu nilikaa chini nikaona aibu, na tangu hapo nimeianza barua hii mara nne.

Kwenye kadi ya Krismasi uliniomba nikuandikie Mama alivyokuwa akitengeneza aiskrimu yake ya multe, yale matunda yetu ya kinamasini, maana ndiyo tamu pekee ambayo mwili wako haukuilalamikia. Haya, nianze na hilo, ni rahisi. Unachukua multe zilizoganda, nzima nzima, usiziyeyushe. Mbegu usizitoe, Mama alisema tunda ni tunda pamoja na mbegu zake, anayetaka laini akanywe uji. Njugu za hazeli, zile za mti wetu nyuma ya banda kama panya wamekuachia, unaziloweka tangu jana yake, unazimenya, unazisaga na maji kidogo mpaka zitoe tui jeupe, zito. Tia peasi moja iliyoiva hadi inakaribia kuharibika, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Basi. Sukari hakuna, krimu hakuna. Saga kila kitu pamoja, mimina kwenye kopo, rudisha kwenye friza, na kila nusu saa ukoroge kwa uma, mara tano au sita. Usipokoroga utapata jiwe. Unakumbuka Mama akimaliza kukoroga alichora mistari juu kwa uma, mitatu hivi na mitatu hivi, ili asisahau kwamba zamu ile ameshaimaliza.

Hayo ndiyo mapishi. Sasa nikuambie kwa nini sikukutumia multe zenyewe.

Unakumbuka polisi waliponirudishia vitu vyake: viatu, kisu, shali, na ile ndoo ya bati. Ndoo ilikuwa imejaa pomoni na kifuniko juu. Siku tatu kinamasini, na hata tunda moja halikuwa limeoza. Wewe ulisema zimwagwe, nami nikakuambia nimezimwaga. Nilikudanganya. Nani kwetu amewahi kumwaga multe? Nilizichambua, nikazijaza kwenye makopo saba ya aiskrimu ya dukani, yale ambayo Mama alikuwa akiyalimbikiza; yale tuliyokuwa tukiyafungua utotoni kwa mbio na mate yanatutoka, tunakuta vichwa vya samaki. Nikayashusha kwenye friza ya chini ya nyumba. Sikuandika kitu juu yake.

Kwenye chakula cha baada ya mazishi nilitumia makopo manne kutengeneza aiskrimu yake. Wewe ulikula sahani mbili, ukalia, ukasema hii ni yake kabisa. Hukujua unakula nini. Nisamehe kwa hilo kwanza, ingawa si kubwa kuliko mengine.

Mwezi wa kumi nilishuka kuchukua kopo. Nilitegemea kukuta matatu. Yalikuwa saba. Niliyahesabu kwa kidole, nikayatoa yote nikayapanga sakafuni, nikahesabu tena. Na kila moja lilikuwa na utepe wa karatasi juu ya kifuniko, na kwenye utepe, kwa penseli, Halvard. Yote saba, Halvard, na ile H ya Mama yenye mguu mmoja mrefu. Unajua desturi yake, hakuandika kilichomo bali jina la mlaji: Halvard, Ingvild, mchungaji, mwalimu wa kwaya. Langu hakuwahi kuliandika. Nilidhani ni kwa sababu ninakaa humu ndani, na mtu wa nyumbani haandikiwi. Likumbuke hilo, nitalirudia.

Nilimgombeza Ingvild, kwa kuwa sikuwa na mwingine wa kumgombeza. Akanijibu, "Mama, mimi na penseli? Mara ya mwisho nimeshika penseli nilikuwa darasa la nne!" Nikabandua tepe zote nikazitia motoni. Nikaamua zile multe ziishe, yaishe. Nikatengeneza aiskrimu ya kwaya, ya shule, ya wazee wa kule kwenye makao. Watu wakanisifu mpaka nikaona haya. Wakasema Oddrun huyu dada yako amekuwa mkarimu, eti msiba umemlainisha. Kila nikishuka, saba. Kila nikishuka, Halvard.

Mwezi uliopita, siku ya Jumanne mchana, nilimimina mchanganyiko kwenye kopo nikaliweka ndani, halafu kondoo mmoja akakwama kwenye uzio, nikasahau kabisa. Saa nne zilipita. Nilirudi mbio nikijua nitakuta jiwe. Halvard, ilikuwa laini. Juu yake mistari mitatu hivi na mitatu hivi. Uma ulikuwa juu ya kifuniko cha friza, umelowa. Ingvild alikuwa shuleni, na kwenye theluji mlangoni nyayo zilikuwa zangu tu, za kutoka na za kurudi. Nilisimama pale, nikasema kwa sauti, kama mwehu, "Ahsante, Mama."

Na friza inalia. Si injini, ile naijua. Ni mlio mdogo, chuma kwenye bati, kling, kisha kimya kirefu, kisha kling. Nilimwita fundi. Akatega sikio, akapigapiga ubavuni, akasema, "Mama, friza hii itatuzika sote." Hakusikia kitu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, ninasikia.

Wiki iliyopita nilimpelekea Nils bakuli moja. Unajua Mama na Nils walivyokuwa, tangu Mama alipomshtaki mbele ya kanisa kwamba anamwibia multe kwenye mahali pake pa siri. Mzee wa watu alikula kijiko kimoja, akaweka kijiko chini, akaniuliza hizi nimezitoa wapi. Nikasema ni za Mama, za mwisho. Kisha akaniambia neno. Nitakuambia neno lenyewe, ila niache kwanza niseme langu, kwa sababu nikianza na la Nils sitafika kwa langu.

Mwizi wa Mama alikuwa mimi.

Miaka minane iliyopita nilimfuata kwa siri. Alikuwa anaacha baiskeli kule Langmyra, kusini, ili kila mpita njia aseme Borghild yuko Langmyra. Halafu anavuka barabara na kupanda kaskazini, nyuma ya kinu kilichobomoka, mwendo wa saa nzima, hadi kinamasi kidogo kisicho na jina. Alitudanganya hata sisi wanawe, na sisi tukaona ni sawa, ndivyo watu wa hapa walivyo na multe zao. Tangu hapo kila Agosti nilimtangulia kwa siku mbili, nikachuma ndoo moja. Sikuwa na shida nazo. Nilikuwa na uchungu. Alikuwa ameshasema mahali pale atakuachia wewe, uliyehama, na mimi niliyebaki na kondoo na uzee wake nitaachiwa friza. Nilitaka na mimi niwe na kitu kwa ajili yangu. Nikamwacha Nils aitwe mwizi mbele za watu, na Krismasi nampelekea keki, mnafiki mimi.

Sasa ile Alhamisi, Mama alipokuwa hajarudi. Ulifika na kikosi chako, kijiji kizima kimesimama uani, ukaniuliza, "Dada, Mama huwa anakwenda wapi?" Nami nikajibu Langmyra, si mnaiona baiskeli? Nilisema huku ninajua. Ningesema kaskazini, ungeuliza nimejuaje, na kila mtu pale angejua. Nikajiambia kesho alfajiri nitapanda mwenyewe, nitamshusha, na hakuna atakayehoji.

Nilipanda. Hilo hulijui, hakuna anayelijua. Ukungu ulikuwa mzito, sikuona hata viatu vyangu. Nilifika kwenye msonobari wa mwisho kabla ya kinamasi, nikaita mara mbili. Halafu nikasikia chuma kwenye bati. Kling. Kisha kimya. Kisha kling. Nikajiambia ni njuga ya kondoo. Halvard, nimefuga kondoo miaka thelathini, naijua njuga. Ulikuwa mkono wa ndoo ukigonga bati. Na nikaogopa. Sikuogopa kumkuta amekufa. Niliogopa kumkuta mzima, aniangalie, aniulize nimepajuaje. Nikageuka. Nikashuka nikawachemshia kahawa vijana wako, nikakumiminia na wewe kikombe. Daktari alisema alikata roho siku ile, karibu na adhuhuri. Baada ya hapo kila saa iliyopita ilifanya ulimi uzidi kuwa mzito, mpaka siku ya tatu mbwa wa wilaya ya jirani akampata.

Na sasa neno la Nils. Alisema majira ya joto ya mwaka juzi Mama alikwenda kwenye uzio wake, akavua kofia, akamwomba msamaha. Akamwambia, "Si wewe, Nils. Nimemwona kwa macho yangu. Ni Oddrun wangu, na lile koti lake jekundu. Mwache achume. Siku nikianguka kule, angalau yuko mmoja anayejua nilipo." Nils alikaa na neno hilo kwa sababu Mama alimwomba alinyamazie, na ile Alhamisi alikuwa amelazwa, amepasuliwa nyonga.

Kumbuka polisi walivyoshangaa. Mguu ulivunjika kifundoni, lakini mikono ilikuwa mizima; kwa nini hakujaribu kutambaa hadi njiani? Kwa nini alikaa tu, mgongo kwenye mti na ndoo katikati ya magoti? Sasa unajua, na mimi ninajua. Alikuwa ananisubiri mimi. Alinisikia nikiita, sauti yake ilikuwa imekwisha, akagonga ndoo ili nimfuate.

Kwa hiyo hukukosea, mdogo wangu. Ulitafuta pale ulipotumwa, na aliyekutuma ni dada yako. Ikunje hiyo ramani, uitie motoni. Nyuma ya karatasi hii nimekuchorea nyingine, ya kinu, msonobari na kinamasi. Najua kwetu mahali pa multe hapaandikwi, hufa na mwenyewe. Mimi nimepaandika. Ni pako, kama alivyosema. Mimi sitapanda tena.

Sikuombi unijibu upesi, wala sikuombi unijibu. Lala tu, Halvard. Mwonyeshe Marit barua hii ili naye apumue. Ingvild anakusalimu, anasema ukija umletee mjomba mwenye kicheko cha zamani. Yeye bado hajui, nitamwambia leo akirudi kutoka shuleni. Nils naye anakusalimu, na kondoo wako yule mwenye sikio moja yu hai, mkaidi vile vile.

Mimi dada yako, ukikubali bado kuniita hivyo,
Oddrun

Nimekaa na bahasha hii wazi tangu asubuhi. Nilipomaliza kuandika nilishuka nikuchukulie kopo moja, likufikie pamoja na barua. Makopo sita ni matupu, yameoshwa, yamepangwa moja ndani ya jingine. La saba limejaa, aiskrimu tayari, na kwenye utepe, kwa penseli, lipo jina langu, kwa mara ya kwanza. Friza hailii tena. Sijaonja. Barabara ya mlimani itafunguliwa Aprili; ukija, tutalila sote wawili, na usipokuja sitakulaumu. Ila kila nusu saa nimekuwa nikishuka na uma kulikoroga, na kila nikifika nakuta mtu amenitangulia.