Ekai, Bado Wanakusikiliza Wewe

Ekai, rafiki yangu,

Ejok, nakusalimu. Niko nyumbani hapa Lodwar, joto limenikataza kazi yoyote, nikaona nikuandikie. Nina kinyongo na wewe. Tangu tukuzike, kila nikimaliza kumsomea baba yangu gazeti, ananiuliza, "Sasa Ekai angesemaje hapo?" Baba yangu mzazi, Ekai! Mimi ndiye ninayemsomea, mimi ndiye ninayemchotea maji, lakini sikio lake limebaki kwako.

Unakumbuka tulivyoanza. Vyama vingi vilipokuja, wewe ulishika upinzani, mimi nikashika serikali. Basi la Kitale likileta gazeti, tena la jana, ulilisoma kwa sauti hotelini kwa Mama Nakiru, ukilitafsiri kwa Kiturkana, na pale mwandishi alipoishia wewe ulimmalizia. Mimi nilikuja na redio yangu. Nilingoja yale maoni ya baada ya habari, ya kuwaponda wapinzani, nikaongeza sauti. Watu wakaniambia, "Hebu punguza, tunamsikiliza Ekai."

Sote wawili tulikuwa tunawapa watu nusu ya mambo. Gazeti lako halikuona jema lolote la serikali, na redio yangu haikuona njaa ya Turkana hata ng'ombe walipokuwa wakifa mlangoni. Ila nusu yako ilichekesha. Yangu ilileta usingizi. Hilo lilinichoma, na bado linanichoma.

Kisha lile lori ulilopanda kutoka Kitale likapinduka karibu na Kalemng'orok, ukaumia mgongo. Daktari akakuandikia vidonge vya maumivu na vingine vya usingizi, akakuonya usizidishe. Mgongo ukapona, vidonge hukuviacha. Duka la dawa la hapa lilipokataa kukuuzia bila karatasi ya daktari, ukahamia Kakuma. Ulituambia umepata kazi ya ukalimani kule kwenye kambi ya wakimbizi, na kweli uliipata. Lakini mkeo Akai alijua lililokupeleka. Sokoni kule vidonge viliuzwa kimoja kimoja kama peremende, na hakuna aliyekuuliza unaumwa nini.

Deng, yule Msudani mwenye kibanda cha chai, ndiye aliyeniletea habari kwamba hauko sawa. Nikapanda pikapu nikaja. Nilikukuta kibandani kwake na gazeti mkononi, watu wamejaa, Wasudani kwa Waturkana. Ulisoma mstari, ukasinzia, ukazinduka, ukausoma tena uleule. Ulimi ulikuwa mzito. Hakuna aliyeinuka. Walikungoja, wameinamisha macho ili usione aibu. Na mimi, Mungu anajua, kabla sijakuhurumia nilikuonea wivu. Mimi nasoma bila kukosea hata neno, na watu wanaondoka.

Walipotawanyika nikakwambia, "Ekai, hivi vidonge vimekushika."

Ukacheka. "Na wewe redio haijakushika? Hulali mpaka uambiwe nchi iko salama."

"Redio haiui mtu," nikasema.

"Hujui wewe," ukanijibu, ukafumba macho.

Siku chache baadaye Deng alikwenda kukuamsha ulipolala, jua liko utosini, hukuamka tena. Kando ya mkeka palikuwa na maganda matupu ya vidonge.

Sasa nikueleze ya mazishi, maana hukuyaona. Walikuja wengi kwa mama yako Lorugum, wengine wametoka hata Kalokol kule ziwani, wamebeba samaki. Mimi nikifa sidhani nitapata hata nusu yao. Wenzako wa upinzani wakasema umelishwa sumu kwa sababu ya mdomo wako. Watu wa chama changu wakanong'ona kwamba ilikuwa pombe, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukuona ukinywa. Mama yako alikuwa akigeuka huku na huku, hajui amwamini nani. Sikuvumilia. Nikasimama.

"Hakulishwa sumu, wala hakuwa mlevi," nikasema. "Ni vidonge. Alianzishiwa na daktari kwa ajili ya mgongo, akaviendeleza mwenyewe sokoni."

Zogo likazuka. Mzee mmoja akaninyooshea fimbo. "Wewe unamwonea wivu hata maiti!"

Sikukataa. Ningekataaje? Ndipo Akai akaja akasimama karibu nami. "Anasema kweli. Nilikuwa navifukia mchangani, naye anavifukua." Yule mzee akashusha fimbo. Unaona? Mimi nilisema, wakapiga kelele. Mkeo aliposema kwa ajili yako, wakasikia.

Siku hizi nasoma mimi kwa Mama Nakiru. Nasoma gazeti lako, kisha naeleza redio imesema nini juu ya jambo lilelile, nawaachia waamue. Wanapiga miayo. Lakini juzi Mama Nakiru alinivuta kando nyuma ya jiko. Kumbe naye tangu aungue mguu anameza vidonge, na mguu ulipona zamani. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ndivyo alivyoanza Ekai?" Nikamwambia ndivyo. Kesho yake nikampeleka hospitali, daktari akaanza kumpunguzia kidogo kidogo. Analalamika, hana raha, ila anaendelea. Na usisahau, hakuuliza kwa sababu yangu. Aliuliza kwa sababu yako.

Basi nakuahidi hivi. Popote watakapokuhusisha na sumu au pombe, wawe wa kwenu au wa kwetu, nitawaeleza ilivyokuwa, hata wakinichukia. Mama yako nitakwenda kumwona. Na baba akiniuliza ungesemaje, nitajaribu kumjibu, ingawa najua sitaweza.

Pumzika, Ekai. Wivu haujanitoka. Lakini ningekubali unishinde pale hotelini kila asubuhi mpaka uzeeni, mradi tu uwepo.

Rafiki yako,
Lokwawi