Nimeanika mawe ya Madame

Mama Marguerite wetu wa redio, naomba unisaidie bila kunicheka sana, maana bibi yangu wa ndoa, Espérance, amekwisha kunicheka kwa niaba ya kambi yote ya Dzaleka. Mi nafanya kazi Area 18, Lilongwe, kwa Madame Amanda wa Bukavu, mwenye iko na samaki wa bahari ndani ya sanduku ya vioo sebuleni, na hiyo kazi niliipata kwa kusema nimezaliwa Uvira, samaki nawajua, nikasahau kusema ziwa letu halina chumvi. Sasa akaletewa mawe ya baharini, mabichi, yamejaa vidudu, akanionyesha pipa ya maji ya chumvi, akasema, "Papa Akilimali, yakae humu mpaka harufu iishe, maji ubadilishe," kisha akaenda Blantyre, na mi nikavumilia siku nne, yakanuka mpaka jirani akauliza nani amekufa, njo nikayatoa, nikayasugua kwa maji ya robine, ya bomba, nikayaanika juani kama ndagala, dagaa wetu wa Uvira, yakakauka meupe, nikajisifu, na kisha njo nikasoma karatasi iliyokuja nayo: mawe haya yako hai, yasikauke. Madame anarudi Jumamosi kuyatia kwa samaki wake, na Espérance anasema, "Nyamaza, jiwe ni jiwe, nani atalipima mapigo ya moyo?" Ninyamaze?

Akilimali

Papa Akilimali, pole. Nimecheka kidogo tu. Fundi wa mitambo hapa redioni ndiye aliyezidisha.

Vile vidudu ndivyo vilikuwa wafanyakazi wa kusafisha maji ya samaki, na we umewaanika wote. Mizoga yao imebaki ndani ya vitundu vya mawe. Mawe yakiingia kwa samaki Jumamosi, mizoga itaoza, maji yatakuwa sumu, samaki watakufa mbele yako. Mtu mzima na karatasi unaisoma mwisho!

Mpigie Madame leo, si Ijumaa. Sema, "Nimeyakausha, nimekosa." Habari za Uvira usizitumie kujitetea. Rudisha mawe ndani ya pipa, maji mapya ya chumvi, pampu ya kuzungusha maji iwake. Umuombe kipande kimoja cha jiwe la zamani kutoka sanduku ya samaki, ukiweke humo ili uhai uenee tena. Hiyo ni kazi ya wiki nyingi. Jiwe lolote lisiingie kwa samaki mpaka yeye mwenyewe apime maji aone sumu imeisha. Yakinuka, vumilia, na jirani umweleze ni mawe.

Espérance mwambie nimemsikia, ila kazi si yake.

Madame anaweza kukufukuza, sikufichi. Akikufukuza kwa mawe, utaenda kuomba kazi nyingine kwa jina lako. Akikufukuza kwa samaki waliokufa huku ukijua, utaomba kwa jina la nani?