Leseni ya Mwisho Kibamba

Temeke, Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, matope yamefika kizingitini.

Sijatulia leo. Nimekaa, nimesimama, nimetoka kulitazama lori, nimerudi. Mama Agnes ameniangalia tu, akaendelea kuchambua mchele.

Lori ni langu. Ni kuukuu, limebaki tangu vita vya Wazungu, na breki zake nimezitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe. Lakini wiki ya tatu sasa limesimama uani, maana bila leseni ya kubeba mizigo halina tofauti na banda la kuku. Na fomu ya leseni ina swali moja lililoninyima raha: umewahi kufungwa?

Nimewahi. Miezi kumi na minane.

Nilikuwa dereva wa Mzee Seif, Mwarabu mwenye duka la jumla hapa Temeke. Safari moja ya Morogoro niliuza magunia manane ya sukari njiani, nikarudi na uongo kwamba yalilowa tulipokwama Ruvu. Mzee aliniamini siku mbili. Siku ya tatu yule aliyenunua akaja dukani kuuliza kama ipo nyingine.

Sina kisingizio. Sikuwa na njaa wala mgonjwa nyumbani. Nilijiona mjanja tu.

Mama Agnes alinishauri niandike "hapana". "Nani atafukua majalada ya zamani kwa ajili yako, Baba Agnes?" Jana nikashika kalamu, nikaandika herufi ya kwanza, H. Mkono ukagoma. Sisemi ni uaminifu. Pengine ni woga.

Fomu inataka pia barua ya mfanyabiashara anayenijua. Anayenijua ni mmoja.

Basi asubuhi nikaenda. Tangu nitoke jela nimekuwa nikipita njia ya nyuma ili nisionekane mlangoni kwake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Hakuinua macho kwenye mzani. "Umezeeka, Yakobo."

Nikamweleza shida yangu. Nikamwomba radhi, jambo ambalo sikulifanya hata mahakamani. Alihudumia wateja watatu huku nimesimama, maji yananichuruzika kwenye sakafu yake. Kisha akachukua karatasi, akaandika, akanisomea mbele ya watu wote: "Mtu huyu aliniibia, na mimi ndiye niliyemshitaki. Ni dereva hodari. Leo amekuja kwangu kwa miguu yake. Mzigo wangu ningempa, ila ningeuhesabu mara mbili."

Akaikunja. "Barua nzuri kuliko hii sina. Ukiitaka, ichukue."

Niliichukua. Masikio yalikuwa yanawaka kwa aibu. Njia nzima ya kwenda mjini nilifikiria kuitupa mtaroni, na mara mbili niliitoa mfukoni.

Ofisini nikaipiga mstari ile H, nikaandika "ndiyo". Karani akanikazia macho, akaipeleka fomu ndani kwa Mzungu anayetoa leseni. Nilisubiri kwenye benchi hadi adhuhuri ndipo nikaitwa. Mzungu anasema Kiswahili cha polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

"Barua hii inakuharibia. Kwa nini umeileta?"

"Ni ya kweli, Bwana."

Akaisoma tena. Kisha akagonga muhuri: leseni ya miezi sita, mwisho Kibamba. Nisivuke hapo.

Kibamba, hata Ruvu sifiki! Mie niliyekuwa nikiota Dodoma, hadi Mbeya. Nilitoka na karatasi yangu nisijue nicheke au ninune. Mama Agnes alipoiona alipiga kigelegele kimoja kifupi, halafu akaniuliza mbona sifurahi.

Jibu nimelitafuta alasiri yote, nikizunguka uani kwenye matope.

Nadhani ni hivi. Maisha yangu yote kulikuwa na mtu wa kunichunga: baba, kisha tajiri, kisha askari wa jela. Hata nilipoiba, nilimwibia mtu aliyekuwa juu yangu. Kesho nitazungusha hendeli kuliwasha lori, na tajiri atakuwa mie, dereva atakuwa mie. Nyuma yangu kutakuwa na mizigo ya watu ambao watakuwa wameniamini bila kunijua.

Mzee Seif angehesabu mara mbili. Hao hawatahesabu.

Je, nitaweza kujihesabia mwenyewe?