Kivuli cha Miche ya Mikarafuu

Jumatatu

Inatangazwa rasmi, kutoka Wambaa mpaka Chake Chake: mimi, mkulima hodari, nimenyang'anywa panga na mke wangu, Bi Mize.

Juzi niliikata migomba yote ili shamba lionekane safi. Jua likaiangukia miche ya mikarafuu tuliyoipata kwa taabu, ikanyauka. Nikajua nimeiua.

Leo nimekuta kila mche umechomekewa makuti upande wa jua, na majani yameanza kuinuka.

"Ulidhani migomba ile pambo, Baba Fatma?" Bi Mize akaniuliza. "Mkarafuu mchanga haupigwi jua, hulelewa."

Ardhi inamsikia mwanamke huyu. Mimi hata mbuzi hawanisikii.

Jirani alipoyasifu makuti, nilimjibu, "Tumejitahidi." Ukweli ni kwamba Bi Mize aliyachomeka peke yake baada ya swala ya alfajiri, na mimi nilikuwa nimerudi kulala.