Oda ya Machela Iko Mlangoni

Mpendwa mshauri, nakuomba unisaidie upesi maana zimebaki siku nne. Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha, lakini kwa mwandiko hapa mtaani sina mpinzani, na ndio ulioniponza. Babu yangu ni seremala, na wakati wa vita kapteni mmoja aliingia karakanani akalala chali mezani na buti zake, akasema, "Fundi, nipime mimi, nataka machela mia tatu za kubebea majeruhi, za urefu huu," babu akapima, kapteni akachomoa penseli sikioni mwa babu akaandika oda mlangoni na kutia sahihi, maana pale oda zote huandikwa mlangoni, hata vitanda vya maharusi. Siku hizi karakana iko kimya, ingawa kila siku naifungua na kuifunga, na bado nayakumbuka maranda yaliyonifika magotini, na marehemu bibi akishona turubai huku akimtania babu, "Unalilaza jeshi zima, mume wangu, na kitanda chetu kinalia." Machela mia na themanini zilichukuliwa, vita vikaisha, serikali ikasema kapteni hakuwa na ruhusa ya kuagiza, babu akaambulia patupu. Sasa imetangazwa kwamba wenye madai ya namna hiyo watasikilizwa Ijumaa, waje na ushahidi wa maandishi, basi nikaandika mkataba wa machela mia tatu kamili, kana kwamba zote zilichukuliwa, na sahihi nimeiiga ile ya mlangoni hata kapteni mwenyewe angeapa ni yake. Babu hajui, anapiga pasi koti lake. Nimpe?

Mwandiko wa Dhahabu

Mwandiko wa Dhahabu, bibi yako amenigusa, wewe umeniudhi. Watauliza wino huo una umri gani, na hapo hata zile mia na themanini za kweli zitaonekana uongo, na mzee aliyeitwa fundi maisha yake yote atarudi nyumbani akiitwa tapeli. Halafu mia tatu umezitoa wapi? Vita viliisha kazi haijakamilika, aseme hivyohivyo, adai alichokitoa. Ruhusa ya kapteni ni suala la kapteni na wakubwa zake. Babu aliagizwa na mtu mwenye sare.

Maandishi unayo, kijana, kila asubuhi unayafungua na jioni unayafunga. Choma hiyo karatasi leo na umweleze babu ulichofanya. Kisha chukua bisibisi, ung'oe mlango kwenye bawaba, uufunike shuka penseli isifutike, uubebe wewe kichwani, na ukiulizwa njiani usijisifu. Mkifika, mwache babu asimulie mwenyewe kapteni alivyolala mezani na buti zake. Kazi yako ni kushika mlango na kufunga mdomo.