Kikombe Nilichokikataa Mkononi mwa Mzee Eliya

Mpendwa Baba,

Kabla hujasikia kwa wengine, maana kanisani kwetu Ruiru hata wafu hawanyimwi umbea, acha nikuambie mwenyewe: Jumapili iliyopita nilikataa kikombe cha Bwana mbele ya watu wote. Wanasema nimelitia aibu jina lako. Ndiyo maana barua hii siitii kwenye bahasha. Anayetaka kusoma na asome, na Mzee Eliya asome wa kwanza.

Nianze na baiskeli. Kila Jumamosi ulipotoka kiwanda cha kahawa ulifunga sanduku la vitabu kwenye keria kwa mpira wa tyubu, ukanipakia mbele, tukashika njia ya Thika mpaka kwenye kambi za wafanyakazi wa mkonge. Uuzaji wako ulikuwa wa ujanja mtupu. Ulimsomea mtu hadithi mpaka mahali patamu, kisha unafunga kitabu na kusema koo limekauka. Watu walikutukana huku wakicheka, na walinunua. Lakini kile kitabu chembamba kuhusu kanisa na upendo hukumuuzia mtu hata mmoja. Ulisema hicho si cha kusomwa na mtu peke yake, ni cha kusomwa na majirani wanaogombana. Basi mkawa mnakisoma Jumatano nyumbani kwetu, wewe na Mzee Eliya na wazee wengine, mkibishana mpaka Mama anawaletea uji ili mnyamaze. Eliya alipenda kurasa za kusamehe. Wewe ulimrudisha nyuma kila mara. "Soma na hapa," ulimwambia. "Upendo hauwezi kuficha kidonda. Kwanza unakiosha." Naye alicheka, "Wewe kazi yako ni kuchokonoa tu." Alikuwa rafiki yako, Baba, alikula ugali wetu na mimi ndiye niliyemnawisha mikono.

Kisha Hali ya Hatari ikatufikia. Watu wa msitu walikuja jioni moja nikichambua mboga mlangoni. Walikuwa wamefunga nyuso. Walitaka ule kiapo chao cha kupigana na Wazungu, wewe ukasema, "Damu niliyokunywa mezani kwa Bwana inanitosha." Hawakubishana. Walikuburuta mpaka kwenye gogo tulilokuwa tunapasulia kuni, wakaubana mkono wako wa kulia pale, na panga likashuka. Kidole cha kwanza hukulia. Cha pili ulilia, na sauti hiyo sikujua kwamba inaweza kutoka kwako. Mama alivua kitambaa cha kichwa akakufunga, damu ikapita, akavua na cha kwangu.

Haukupita muda askari wakaja kutuhamisha kwenda kijiji kipya. Walitupa asubuhi moja ya kutoa vyombo. Tulipochelewa waliwasha paa, na yule mbuzi wa Mama alikuwa bado ndani. Alilia mpaka paa likaanguka. Huko kijijini tulichimba handaki, wanawake na watoto, tukapanda ndani yake miti iliyochongwa kama mikuki, na aliyepumzika alipata kiboko. Aliyeshika kiboko alikuwa mtu wa kanisa, mmoja wa walinzi waliowekwa na serikali. Mkuu wa hao walinzi, mwenye bunduki, alikuwa Mzee Eliya.

Alikujia mara ya kwanza kwa upole. "Chukua bunduki, ndugu yangu. Ulipize hiyo mkono yako." Ukamwonyesha kitambaa. "Nitaishika na vidole gani?" Mama alicheka bila kutaka. Eliya hakucheka.

Mara ya pili alikuja na wenzake, akakutoa mbele ya handaki, sisi sote tumeambiwa tusimame tuangalie. Nakumbuka kila neno.

"Hao watu wanaua kila mtu ya kanisa. Wewe walikata vidole mbili tu, wakaenda. Kwa nini?"

"Waulize wao, Eliya."

"Kama hawakukuua, wewe ni wao."

"Mimi si wao na si wenu. Mimi ni mtu wa Yesu, na wewe unajua."

Alikupiga kwa kitako cha bunduki mdomoni. Ulianguka, ukainuka kwa mkono mzima. Akakupiga tena, sikioni. Nilisikia mfupa, Baba. Bado nausikia nikipasua kuni. Ulimshika mguu ukasema, "Eliya, imetosha," na sauti yako ilikuwa ileile ya Jumatano, ya kumrudisha mtu nyuma taratibu. Haikutosha. Aliendelea mpaka walinzi wenyewe wakageuza nyuso. Halafu wakamwaga sanduku lako la vitabu, wakayawasha makaratasi hayo, na mmoja wao akachomea mahindi hapo. Walikula wakiwa wamesimama, nawe umelala umekata roho, hatua chache kutoka kwao. Mama alikatazwa kulia. Aliuma ukingo wa shuka lake, na hata leo, akiwa na huzuni, huuma nguo.

Ninayaandika haya kwa hasira, sitakudanganya. Ulinifundisha kwamba kikulacho ki nguoni mwako, nami nilidhani unazungumzia chawa.

Sasa handaki linafukiwa, watu wanarudi kwenye mashamba yao, na kanisa limefunguliwa. Wazee walikaa, wakaamua kwamba kila aliyekula kiapo atakaa benchi la nyuma, benchi la toba. Hapewi mkate wala kikombe mpaka siku atakapoitwa asimame mbele aseme alichofanya, kisha apewe mkono na kurudishwa mezani. Sina neno na hilo. Mtu mmoja aliuliza, je, na waliokuwa wakipiga watu pale kwenye boma la walinzi? Mchungaji akajibu kwamba hiyo ilikuwa kazi ya serikali. Basi, ikaisha hivyo. Mzee Eliya akanunua koti jipya jeusi akarudi kwenye kiti chake cha mbele.

Jumapili iliyopita ndiye aliyepitisha kikombe. Niliona anakuja, safu baada ya safu, anafuta ukingo kwa kitambaa cheupe, anainama kwa adabu. Mama alinifinya paja. "Kunywa tu, mwanangu. Kunywa twende nyumbani." Nami nilitaka kunywa, Mungu anajua. Ni kanisa lako, na sina lingine. Lakini mikono hiyo ilipofika chini ya kidevu changu nilinusa bunduki.

"Mzee," nikasema, "wewe ulikaa lini benchi la nyuma?"

"Mtoto, hapa si mahali ya hiyo maneno."

"Basi ni wapi? Ni kule kwenye handaki?"

Kikombe kiliinama, divai ikanimwagikia kifuani. Kina mama walipiga ukelele. Wazee wawili walinikamata mikono, mmoja akaukunja mkono wangu mpaka bega likalia, wakaniburuta kwenye njia ya katikati kama mwizi. "Nenda kaa na wenzako," wakasema, wakanisukuma kwenye benchi la toba, mimi ambaye sijawahi kula kiapo chochote.

Pale mwisho wa benchi palikuwa na Mungai, yule kijana aliyerudi juzi kutoka kizuizini, amekonda hadi shati linamcheza. Alisogea ili nikae. Kisha akanizuia kwa mkono.

"Dada, usikae kabla sijakuambia. Siku yangu ya kusimama haijafika, lakini siwezi kukaa na wewe hivi. Ile jioni ya vidole ya baba yako. Panga nilishika mimi."

Nilimpiga kofi. Nilimpiga kwa nguvu zangu zote, wimbo ukakatika mbele, na damu ikamtoka puani. Nikampiga la pili. Hakuinua mkono. Hakusema alitumwa, hakusema wengine walimlazimisha, hakusema hiyo ilikuwa kazi ya mtu yeyote.

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi, dada."

Baba, sijamsamehe. Usinisimulie kile kitabu. Nikiuangalia mkono wake nataka kuuweka kwenye gogo. Lakini tangu uzikwe, huyo ndiye mtu wa kwanza katika kanisa lile kunitazama machoni na kusema kilichotendwa na nani alikitenda. Mzee Eliya amemtuma mtu nyumbani kwamba nikiomba radhi mbele ya watu, nitarudishwa mezani mara moja. Mama anaona nikubali. Nimejibu kwamba nitaomba radhi siku ile ile atakayosimama yeye.

Leo nimerudi kanisani tena, na nafasi nyuma ilikuwa moja tu. Benchi lenyewe ni fupi, na wanaotubu ni wengi. Wakati wa kuimba bega la Mungai liligusa langu, nami sikuhama.

Lala, Baba, ulale na vidole vyako vinane. Ukiniona huku chini nimekunja uso, usidhani nimelikimbia kanisa.

Binti yako wa kwanza