Nilidanganya Kuhusu Ghorofa la Stendi, na Sasa Baba Mkwe Ananiamini

Barua hii ilinifikia siku tisa kabla ya mkutano wa pili unaotajwa ndani yake, kwa hiyo nilimjibu mwandishi moja kwa moja kwenye simu yake, sikusubiri gazeti. Sasa mkutano umepita, naye ameniruhusu kuchapa yote, na jina lake pia.

*

Dada Verediana, shikamoo.

Naomba unisomee mpaka mwisho hata kama maneno ni mengi, maana jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata mume wangu, na limenifika shingoni.

Naitwa Lucia, nina miaka thelathini na saba, nauza chai na chapati stendi ya Haydom, huu ni mwaka wa kumi na moja. Wateja wangu wengi ni wagonjwa na ndugu wanaowaleta, wanashuka kwenye basi baridi imewaingia mpaka kwenye mifupa, wanakunywa kikombe kimoja kwangu ndipo wanapata nguvu ya kwenda hospitali. Mimi ni Mbarabaig, kwetu ni Mogitu huko Hanang, nimeolewa na Mwiraqw wa Bashay anayeitwa Yohanes, ni fundi magari. Baba yake, Mzee Hhando, hakuitaka ndoa hii. Hajawahi kunitukana, siwezi kumsingizia, ila kwa miaka kumi na miwili nikimwambia shikamoo anajibu marahaba na mazungumzo yanaishia hapo, na nikimwandalia chakula akashiba anamshukuru Yohanes.

Sasa mwaka huu ulibandikwa mchoro kwenye ubao wa matangazo, kwamba kuna kampuni inataka kujenga jengo la ofisi juu ya stendi yetu, ghorofa kumi na moja, mabasi yapite chini na juu iwe vioo vitupu, na wananchi tutoe maoni. Watu walijaa pale kama siku ya mnada. Gidion, wakala wa tiketi, alisema sasa na sisi tutakuwa mji, tutaacha kuambiwa tunatoka porini. Mwalimu mmoja mstaafu akauliza ofisi za nani, maana hata hizi tulizonazo vyumba vingine vina popo. Mwingine akauliza umeme ukikatika watu wa juu watashukaje, mwingine akasema upepo wa huku utalilaza, na mfugaji mmoja aliyekuja kumwona ndugu yake hospitalini alitazama kwa muda mrefu halafu akauliza ng'ombe wa mnadani watapita wapi. Mimi niliutazama mchoro ule kutoka juu mpaka chini nikitafuta meza yangu, na pale ilipo meza yangu palikuwa pamechorwa gari jekundu.

Ukaitishwa mkutano wa hadhara. Nilikwenda nikiwa na swali moja tu, kwamba sisi wauza chai na wagonjwa wanaosubiri basi tutakuwa wapi wakati wa ujenzi na baada ya ujenzi, lakini kabla yangu walizungumza watu wenye makaratasi, watu wanaojua kusema "uwekezaji" na "fursa," na kipaza sauti kilipofika mkononi mwangu nikaona swali langu ni dogo, ni la chai, watacheka, na mdomo wangu ukasema kitu kingine kabisa. Nilisema wiki iliyopita mtaalamu wa udongo alikunywa chai kwangu, akaniambia ardhi ya stendi haiwezi kubeba ghorofa kwa sababu chini yake ni maji matupu.

Dada, hakuna mtaalamu aliyekunywa chai kwangu.

Watu walipiga kelele mpaka mkutano ukafungwa. Jumapili tulipotoka kanisani nikasikia mtaalamu yule ni Mzungu, alikuja na mashine ya chuma, ameambiwa anyamaze, amekimbilia Arusha. Mimi sikuyasema hayo, lakini sikuyakanusha.

Na Jumatatu ndipo alipokuja baba mkwe. Alishuka kwenye pikipiki, akaja moja kwa moja kwenye benchi langu, akaagiza chai, akawaambia waliokuwepo, "Huyu ni mke wa mwanangu. Ndiye aliyesema." Dada, nilimimina chai nje ya kikombe. Tangu siku hiyo anakuja mara mbili au tatu kwa wiki, ananiita mama Agustino, anauliza watoto wanasomaje, na juzi aliniletea maharage kutoka shambani kwake, akayaweka mikononi mwangu, siyo mwa Yohanes.

Ningeweza kukaa na uongo huu kama usingeumiza mtu. Lakini wiki iliyopita mvua ilinyesha, nikamwona msichana mmoja anaitwa Benedikta amesimama nje na mama yake aliyetoka kufanyiwa upasuaji, wamejifunika khanga moja, wanalowa, na banda la abiria liko tupu. Nikamwambia ingieni ndani. Akanijibu, "Tumeambiwa hapo chini ni maji, banda litadidimia." Niliwavuta mpaka chini ya turubai langu, nikawapa chai, lakini sikumwambia kwamba maneno hayo yametoka kwangu. Basi likaja wakaondoka.

Na sasa kuna mkutano wa pili, wanakuja wakubwa wa kampuni na wa wilaya, na wazee wamemchagua baba mkwe asimame azungumze kwa niaba yao habari ya maji ya chini ya stendi. Juzi aliniuliza, taratibu, "Mama Agustino, yule mtaalamu anaitwa nani?" Nikasema nitamkumbuka. Nimefikiria hata kubuni jina. Nikisema ukweli, nitamwaibisha mzee na nitarudi kwenye marahaba. Nikinyamaza, atasimama mbele ya watu wote kusema uongo wangu kwa mdomo wake. Nifanye nini, dada yangu?

Lucia, stendi ya Haydom

*

Lucia,

Marahaba. Nimekusoma mpaka mwisho, mara mbili.

Kwanza acha kutafuta jina. Ukimpa mtu huyo jina, kesho utaulizwa anakaa wapi, keshokutwa utaulizwa namba yake ya simu, na utajikuta unalea mtoto ambaye hukumzaa.

Nakuonea huruma, na nitakwambia kwa nini. Mwanamke aliyesubiri miaka kumi na miwili kuitwa kwa jina la mwanawe, siwezi kumshangaa akiogopa kulipoteza. Ungeniambia umedanganya ili umkomoe mtu, jibu langu lingekuwa fupi na chungu. Lakini usijifanye kwamba ulichofanya ni kidogo. Mgonjwa mwenye mshono amelowa mvua akiogopa banda zima. Na wewe ulipata nafasi ya kusema, ukatoa chai badala ya ukweli. Chai ilikuwa nzuri. Haikutosha.

Halafu nakugombeza kwa jambo lingine, na hili ndilo linaloniudhi zaidi. Nani alikwambia swali lako ni dogo? Watu wenye makaratasi wamekaa wiki nzima wakichora ghorofa kumi na moja juu ya kichwa chako, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mgonjwa atasubiri basi wapi. Wewe ulikuwa nalo swali hilo mdomoni ukalimeza, ukatoa uzushi. Uzushi unawasaidia wao, siyo wewe. Siku utakapobainika, kila mwenye wasiwasi wa kweli ataambiwa naye ni mzushi.

Sasa fanya hivi. Nenda Bashay kabla ya Jumamosi ya mkutano. Nenda peke yako, usimtume Yohanes, ila Yohanes mwambie kabla hujaondoka ili asije akasikia kwa watu. Ukifika, salimia, kisha sema neno lenyewe kabla hujapewa kiti. Usianze kueleza ulivyoogopa, ataelewa baadaye. Mzee mzima anaweza kuvumilia kuambiwa ukweli nyumbani kwake. Kinachomvunja mtu wa umri wake ni kuumbuliwa mbele ya halaiki.

Kila asubuhi, kabla hujawasha jiko, pita bandani uwaambie abiria kwamba yale ya maji hayana ushahidi na waingie wakae. Mtafute yule msichana. Makondakta wanajua abiria wao.

Na siku ya mkutano simama, omba radhi kwa sentensi moja, kisha uliza swali ulilokwenda nalo mara ya kwanza. Liulize kama lilivyo, na usikae chini mpaka ujibiwe.

Kuhusu kurudi kwenye marahaba, siwezi kukuahidi kitu. Ila heshima unayoipata sasa hata wewe huwezi kuifurahia, ndiyo maana umeniandikia.

Verediana

*

Dada Verediana,

Shikamoo. Leo nakuandikia nimekaa, nimekula, na nimecheka, kwa hiyo usishangae mwandiko umenyooka kidogo.

Nilimwambia Yohanes kwanza. Alishika kichwa, akasema, "Lucia, mimi nimegombana na watu gereji kwa ajili ya huyo Mzungu!" lakini aliniacha niende. Alhamisi nikapanda pikipiki mpaka Bashay, nikamkuta mzee amekaa nje anapukuchua mahindi. Nikasema shikamoo baba, akasema marahaba mama Agustino, na kabla hajanionyesha kiti nikasema, "Baba, yule mtaalamu hayupo. Nilimbuni mimi."

Hakuinua kichwa. Aliendelea na gunzi lile mpaka likaisha.

"Hayupo kabisa?"

"Hayupo, baba."

"Hajawahi kufika hata Haydom?"

"Hajazaliwa, baba."

Akaweka gunzi chini, akafuta mikono kwenye suruali, akatazama zizi la ng'ombe. Mimi machozi yalikuwa yameshaanza. Halafu akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama, "Mama Agustino, mimi niliwaambia wazee nimeonana naye."

Sikuelewa. Akaendelea, "Waliniuliza nina hakika gani. Nikasema nimesalimiana naye. Wakauliza yukoje. Nikasema ni Mzungu."

"Na mashine?"

"Na mashine ni mimi."

Dada, nilikaa chini kwenye mahindi. Mzee wa watu alikuwa halali kwa mawazo kwa sababu aliahidi kumtaja mtu aliyesema amemshika mkono, ndiyo maana aliniuliza jina. Nikamuuliza, na sijui nilipata wapi ujasiri, "Kwa hiyo baba ulikuwa unakuja kwangu kutafuta jina?" Akafikiri. Akasema, "Siku ya kwanza nilikuja kwa sababu nilisikia mtu wa nyumbani kwangu amesimama mbele ya watu. Siku nyingine nilikuja kunywa chai." Kisha akaanza kucheka, na mimi nikacheka, mpaka mama mkwe akatoka ndani kuuliza kuna msiba au kuna harusi.

Jumamosi watu walijaa kuliko mara ya kwanza. Mzee Hhando aliitwa, akavua kofia, akasema, "Nimetumwa na wazee nije niseme habari za mtaalamu. Mtaalamu hayupo. Niliyesema nimemwona ni mimi, na nimewakosea. Maji kama yapo au hayapo sijui. Ninachojua ni kwamba hakuna mtu aliyechimba akaangalia." Gidion akapaza sauti, "Tumedanganywa!" na wengine wakamfuata, ikawa vurugu. Hapo nikasimama. Nikasema uongo ulianza na mimi, mzee aliubeba tu, naomba radhi kwenu wote. Kisha nikauliza, "Mgonjwa aliyetoka upasuaji akisubiri basi, kwenye mchoro wenu amekaa wapi? Na sisi tunaompa chai tuko wapi?"

Dada mmoja wa kampuni akafungua mchoro mezani, akapitisha kidole, akageuza karatasi, akapitisha tena. Akasema kwenye kipaza sauti, "Kwa kweli hatukuwachora."

Nakwambia dada, mikono ilinyanyuka kama shule ya msingi. Kumbe kila mtu alikuwa na swali lake la aibu. Choo kitakuwa wapi, gari la wagonjwa litageukia wapi, na yule wa ng'ombe naye aliuliza tena, safari hii wakaliandika. Walijaza kurasa. Mwishoni wakasema mradi hautaanza mpaka udongo upimwe kweli na mchoro urudiwe, na huenda ghorofa zikapungua, na muda wa maoni umeongezwa. Wengine wamefurahi, wengine wamenuna. Gidion anapita mezani kwangu bila salamu, chai anainywa upande wa pili, na sijamlaumu.

Bandani nilipita kila asubuhi kama ulivyoniagiza. Na Benedikta nilimpata kupitia kondakta. Mama yake ametolewa nyuzi, kidonda kimekauka, hakikupata shida. Nilipomwambia ukweli akasema, "Mama alikuwa anasema ile chai ndiyo ilimfikisha nyumbani. Lakini siku nyingine useme." Nikamwambia nitasema.

Jambo la mwisho. Jana mzee alikuja stendi, akamaliza kikombe, akauliza, "Mama yako bado yuko Mogitu?" Nikasema yuko. Akasema katika miaka yote hii hajawahi kukanyaga kwetu, na kwamba mtu akishaanza kuomba radhi aimalize yote. Jumapili baada ya ibada tunakwenda, mimi na yeye.

Lucia

*

Lucia, nendeni. Lakini mpigie mama yako simu leo hii, usisubiri Jumapili. Mama wa watu amengoja miaka kumi na miwili, mpe siku mbili za kufagia uwanja na kuchagua nguo. Na mkifika, mzee aanze yeye kuzungumza. Wewe kaa karibu na mama yako, unyamaze.